Pepo, Kifafa na Kifo cha Anneliese Michel

Tarehe 1 Julai 1976, katika mji mdogo wa Klingenberg huko Ujerumani, msichana wa miaka 23 alikutwa amekufa nyumbani kwao. Uzito wake ulikuwa umeshuka hadi kilo 30 hivi. Kwa miezi kama kumi mapadri wawili walikuwa wamemfanyia ibada ya kutoa pepo mara 67, kwa idhini ya askofu wa Würzburg. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kilichomuua ni njaa na kiu. Aliitwa Anneliese Michel, na baadhi ya filamu za mapepo tunazoziangalia usiku taa zikiwa zimezimwa zina deni kwake.

Kisa chake kikitajwa, watu hukimbilia swali moja: pepo yapo au hayapo? Mimi naona swali hilo ndilo linalotupotezea mtu. Anneliese hakufa kwa sababu alisomewa. Alikufa njaa mbele ya watu waliompenda, ambao walikuwa wameacha kumwita daktari.

Tuwatendee haki wazazi wake. Binti yao alianza kupata kifafa mwaka 1968, akiwa na miaka 16. Alitibiwa hospitali na kumeza dawa kwa miaka. Hakupona. Alianza kuona nyuso za kutisha akiwa anasali, akasikia sauti zikimwambia kwamba amelaaniwa. Familia ilikuwa ya Wakatoliki wa sala nyingi, na baada ya miaka ya dawa bila nafuu, nani angewalaumu kwa kugeukia kanisani? Hata huko, mapadri wa mwanzo waliwakatalia na kuwaambia waendelee na matibabu. Hili husahauliwa sana. Kitabu cha ibada cha Kanisa Katoliki cha mwaka 1614 chenyewe kinamwonya padri asiwe mwepesi kuamini kwamba mtu ana pepo, na kinatoa dalili za kuangalia, kama kusema lugha asiyoijua au kufichua mambo ya siri. Kwa hiyo mashaka hayakuletwa na madaktari peke yao. Yalikuwamo ndani ya imani tangu zamani.

Mwaka 1978 mahakama ya Aschaffenburg iliwatia hatiani wazazi na mapadri wote wawili kwa kusababisha kifo kwa uzembe, ikawapa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Madaktari waliieleza mahakama kwamba binti hakuwa na pepo. Alikuwa na kifafa, na malezi yake ya kidini ndiyo yaliyoipa hali yake sura ile. Upande wa mashtaka ulisema angeweza kuokolewa hata wiki moja kabla hajafa.

Sasa njoo kwenye filamu. Mwaka 2005 Hollywood ilikichukua kisa hiki, ikakihamishia Marekani na kukiita The Exorcism of Emily Rose. Filamu inajidai kumwachia mtazamaji aamue, lakini ndani yake upande wa utetezi unaleta mtaalamu anayedai kwamba dawa ya kifafa ndiyo iliyozuia ibada isifanye kazi. Na hoja hiyo haikutungwa na waandishi wa filamu. Mwanaanthropolojia Felicitas Goodman aliwahi kuitoa kwa dhati kuhusu Anneliese mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya hatari kuliko sauti zote nzito na shingo zinazojipinda. Mtazamaji anaweza kuondoka akidhani vidonge na sala havikai nyumba moja. Mwaka uliofuata Mjerumani Hans-Christian Schmid alitoa Requiem, filamu isiyo na jini hata moja wa kuonekana: msichana tu, chuo, mama mkali, na ugonjwa unaomzidi nguvu. Ile ya pili haitishi, inaumiza, na waliouona ugonjwa huu nyumbani watakiri iko karibu zaidi na ukweli.

Filamu zina kasoro nyingine, na hapa msomaji wa pwani atanielewa haraka. Zimetuzoesha kwamba pepo dawa yake ni kufukuzwa tu. Kwetu mambo hayajawa hivyo siku zote. Mtu akipandisha pepo, watu wa ngoma za pepo humwuliza huyo mgeni: nani wewe, umetoka wapi, unataka nini? Yule mtu huitwa kiti, na kiti hakivunjwi kwa sababu mgeni amekikalia. Kila aina ya pepo ina matakwa yake. Ruhani hupenda udi na marashi. Kibuki, anayesemwa katoka Bukini, yaani Madagaska, hudai brandi. Wakikubaliana, mtu huishi na mgeni wake miaka mingi akiuza vitumbua na kulea wajukuu. Walokole na baadhi ya masheikh hawautaki kabisa utaratibu huu, na wana hoja zao za dini. Lakini tazama jambo moja: waliosema kupitia kinywa cha Anneliese walijitaja kuwa Yuda, Nero, hata Hitler. Hakuna aliyedai brandi. Kila pepo huja na historia ya nyumba anayoingia. Asiyeamini ataona hapo ushahidi kwamba ni akili ya mgonjwa inayosema. Anayeamini atajibu kwamba mgeni lazima aseme lugha ya mwenyeji. Hoja hiyo haimalizi ubishi, nami sitajifanya kuumaliza.

Tiba nayo haina kiburi kama tunavyodhani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inatambua hali ya mtu kuhisi ametawaliwa na roho nyingine kuwa ugonjwa, lakini si kila mara. Kupandisha kunakokubalika katika dini au utamaduni wa watu, kusikomtesa mtu wala kumvurugia maisha, hakuhesabiwi. Maana yake daktari makini hana ugomvi na ngoma ya kibuki. Ana ugomvi na mtoto anayeanguka bila dawa. Shirika hilohilo linasema watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na kwamba wakipimwa na kutibiwa ipasavyo, hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu yametufika. Mtoto wa mama yangu mdogo alianza kuanguka akiwa darasa la sita. Siku moja aliangukia jiko la mkaa, sufuria ya maharage ikammwagikia, na kovu analo mkononi hadi leo. Kwenye zahanati alipewa vidonge na mhudumu asiyeinua uso. Hakuna aliyemweleza mama mdogo ni vya nini wala vitamezwa hadi lini. Mganga waliyemwendea alikaa nao tangu alasiri mpaka magharibi, akauliza habari za ndoto, za majirani, za mimba iliyoharibika mwaka ule. "Huyu amenisikiliza," mama mdogo alisema aliporudi. Kisha likaja sharti: vidonge viachwe, jini hapatani navyo.

Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na likaua. Hatukulijua hilo. Wiki ya pili mtoto alianguka mara tatu kwa usiku mmoja, ulimi umejaa damu. Asubuhi akaitwa mzee mmoja msomaji wa mtaani kwetu. Alisoma kwa utulivu, akampulizia maji, akamfunika shuka. Halafu akauliza: "Na dawa zake ziko wapi?" Akaamuru ziletwe na mtoto apelekwe hospitali asubuhi ileile, akaahidi kurudi jioni kuendelea na kisomo. Alirudi kweli, jioni ile na nyingine nyingi, na kila alipofika aliuliza kwanza kama vidonge vimemezwa.

Swali la mzee yule lingeulizwa Klingenberg, Anneliese angekuwa bibi mzee leo. Na hospitalini nako kuna swali la kuuliza: wapi kwingine mnakomtibu huyu mtoto? Liulizwe bila kukunja uso. Mama anayeogopa kuchekwa huficha habari za mganga, na daktari hatajua kwamba sharti limetolewa mpaka mtoto aletwe usiku akiwa amebebwa.