Roadster haikuanza ghali kwa tamaa

Kuna makala inayodai kwamba Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilianza na Roadster, gari la michezo la dola 109,000, mwaka 2008 ili kuwakamua matajiri. Tazama betri kwanza: seli 6,831 za lithiamu, za umbo lile lile la seli za laptopu, na pakiti nzima ina uzito wa kilo 450 hivi. Gharama ya betri hiyo ukiipachika kwenye gari la familia, hakuna mnunuzi. Kwenye gari la michezo linaloruka kama mshale, inavumilika.

Tena mnunuzi wa namna hiyo ana gari jingine nyumbani, kwa hiyo hakwami. Na matatizo yalikuwepo! Giaboksi ya gia mbili haikuhimili mota ya umeme, inayotoa msukumo wake wote tangu gari limesimama. Magari ya mwanzo yalitoka yamefungwa yatumie gia ya pili tu, yakawa mazito kuondoka, hadi ilipokuja giaboksi ya gia moja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota) yenye nguvu zaidi. Kosa hilo kwenye magari laki moja lingeizika kampuni. Roadster zote hazikufika hata 3,000. Kujengea juu ya msingi wa Lotus Elise, gari dogo la michezo la Uingereza, kuliwapunguzia Tesla gharama za kiwanda, ingawa waliishia kubadilisha karibu kila kitu.