Nilitaka Feki ya Kweli

Wenzangu hukimbia noti bandia. Mimi Mtanga niliyehamia Philadelphia nilizitafuta kwa udi na uvumba. Si za leo, nisije nikafungwa, bali zile za vita vya uhuru wa Marekani. Waingereza wa New York walizichapa kwa wingi ili fedha ya waasi ikose thamani. Toleo la tarehe 20 Mei 1777 liliandamwa na bandia hadi mwaka 1779 Bunge la waasi likaliondoa kwenye mzunguko.

Jumamosi moja, mezani kwa mzee muuza vitu vya kale, nikaiona: dola 30, mwaka 1777.

"Hiyo ni feki," mzee akaniambia. Moyo ukanidunda!

Nikamulika. Karatasi ya noti halali ilichanganywa nyuzi za buluu na chenga za ulanga, yale madini yanayometameta. Hii uzi haina, ulanga haina. Alhamdulillahi! Kila kasoro ilinizidishia furaha. Nikalipa dola 90 bila hata kuomba nipunguziwe, mimi ambaye sokoni Ngamiani nilikuwa nagombania fungu la nyanya.

Nyumbani mke wangu akainusa. Akainusa tena.

"Baba Zuhura, mbona inanukia chai?"

"Ukongwe huo."

"Na hili jani?"

Hapo nikapata pa kujishaua. Nikamweleza kuwa Benjamin Franklin, mchapaji wa enzi hizo, ndiye aliyebuni kuchapa sura za majani halisi mgongoni mwa noti, kuwakomesha waghushi.

"Hili halikuchapwa," akasema, akalibandua kwa ukucha. Jani la chai. Kumbe karatasi mpya, imechovywa chai ionekane ya kale.

Nikarudi kwa mzee mbio. "Umeniuzia feki!"

Watu wakageuka.

"Si nilikuambia ni feki?"

"Hii ni feki ya feki! Mimi nataka feki ya kweli, ya Mwingereza mwenyewe!"

Mama mmoja akakumbatia mkoba wake, akahamia meza nyingine. Mzee akanionyesha risiti kwa kidole: noti bandia moja, dola 90, hairudishwi.

Usiku nikasoma kwamba Aprili 1777 gazeti moja la New York lilitangaza kuwapa wasafiri noti bandia kwa bei ya karatasi tu. Nikafunika kitabu upesi, lakini mke wangu alishasoma begani kwangu.

"Bei ya karatasi tu?" Akaenda jikoni. "Nikuletee chai ya kunywa, au ya kuchovya?"