Kiingereza hakikushuka na mvua

Mkianza tu kuzungumzia lugha za shule, haipiti muda kabla mtu hajasema: "Kiingereza ni lugha ya dunia bwana, utake usitake." Inasemwa kama vile mtu anavyosema masika yanaanza Machi. Mimi kila nikiisikia kauli hiyo naikumbuka Rwanda, kwa sababu kule tunajua hata mwezi ambao hiyo "dunia" iliamuliwa, na walioiamua: baraza la mawaziri, Oktoba 2008, lilipoagiza shule ziache Kifaransa zihamie Kiingereza.

Kabla ya hapo msomi wa Rwanda alikuwa mtu wa Kifaransa, urithi wa Wabelgiji. Julai 1994 wapiganaji wa RPF, chama kinachoitawala Rwanda tangu wakati huo, wakaingia Kigali. Wakubwa wao wengi, Paul Kagame aliyekuja kuwa rais akiwemo, walikulia ukimbizini Uganda na kusoma huko kwa Kiingereza. 1996 Kiingereza kikawa lugha rasmi ya tatu, lakini Kifaransa kiliendelea kufundishiwa. Novemba 2006 jaji wa Ufaransa, Jean-Louis Bruguière, akatoa hati za kuwakamata watu wa karibu wa Kagame, akiwahusisha na kudunguliwa kwa ndege ya Rais Habyarimana 1994. Kigali ikavunja uhusiano na Paris. 2007 Rwanda ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, 2008 shule zikaambiwa zihamie Kiingereza, na Novemba 2009 nchi hiyo ambayo Mwingereza hakuwahi kuitawala ikapokelewa Jumuiya ya Madola.

Zipange tarehe hizo kwa mfuatano halafu uniambie kama kuna mahali lugha ilishinda kwa uzuri wake.

Serikali ilitoa sababu: biashara na majirani, sayansi, uwekezaji. Si uongo, na mtu wa Kigali anayeagiza bidhaa kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa anazielewa vizuri. Lakini sababu hizo zilikuwepo miaka yote. Kilichoongezeka ni ugomvi na Paris, na ukweli kwamba walioshika nchi walikuwa tayari upande wa pili wa mto. Wao hawakuhitaji kujifunza kitu. Waliotakiwa kujifunza ni wengine.

Mchukue mwalimu wa darasa la tano kijijini, mtu mzima, aliyezoea kufundisha hesabu kwa Kifaransa. Anapelekwa semina wakati wa likizo, anarudi na maneno ya kuanzia kipindi na ya kumalizia, katikati hana. Mwalimu akiishiwa maneno haulizi maswali, maana akiuliza ataulizwa. Anajaza ubao, watoto wananakili, kengele inalia. 2011 serikali ikalegeza, madarasa matatu ya mwanzo yakarudi kwenye Kinyarwanda. 2019 ikageuka tena, Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwalimu wa madarasa hayo ya mwanzo kahamishwa mara tatu bila kutoka kwenye darasa lake.

(Magari, lakini, bado yanapita kulia, vilevile alivyoacha Mbelgiji. Kugeuza barabara kuna gharama inayoonekana kwenye bajeti. Ya kumgeuza mtoto haionekani kwa urahisi.)

Na chini ya hayo yote maisha yana lugha yake. Pale mpakani Rusumo karatasi za forodha ni za Kiingereza, ila dereva wa lori kutoka Dar, wakala wake na kijana anayebadilisha fedha wanamalizana kwa Kiswahili, na muhuri unagongwa.

Nisieleweke kwamba nchi ndogo ni za kuonewa tu. Kigali imeicheza karata hii kwa akili. 2018 waziri wake wa mambo ya nje, Louise Mushikiwabo, alichaguliwa kuiongoza jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa, na Ufaransa ndiyo iliyompigia debe, kwa nchi iliyokitoa Kifaransa madarasani! Paris ilijua inachokitafuta, na hakikuwa ufasaha. 2022, mkutano wa Jumuiya ya Madola ukafanyika Kigali, na hapohapo Gabon na Togo, nchi zilizowahi kutawaliwa na Ufaransa, zikaingizwa.

Sisi Tanzania tunapenda kujiona tuko nje ya mchezo huu kwa sababu tuna Kiswahili. Mahakamani, ukiacha mahakama za mwanzo, kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na mfungwa akapewa nakala ya hukumu ambayo lazima atafute wa kumsomea ndipo ajue kafungwa kwa nini. Ukiuliza, jibu lilikuwa msamiati hautoshi. Kisha Siku ya Sheria, Februari 2021, Rais Magufuli akamsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akampandisha Mahakama ya Rufani. Mwaka uleule sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Msamiati ulipatikana wapi ghafla namna ile?

Mtoto wetu wa shule ya serikali bado anasoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, halafu kidato cha kwanza anaanza upya kwa Kiingereza, huku wenye uwezo wakiwa wameshalipia ada ya shule za Kiingereza tangu chekechea. Wengi wa wanaoweza kulibadilisha hilo, watoto wao wako kwenye shule hizo za ada. Ndiyo maana sitegemei tamko lolote la Dodoma hivi karibuni.