Risasi isiyopasua hewa: haki ya masikio na haki ya mtaa

Binamu yangu anayeishi Ohio alikuja likizo mwezi wa pili, na jioni moja barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mazungumzo yakaangukia bunduki. Anayo moja fupi yenye sailensa, kile chombo cha mdomoni kinachopunguza mlio, na risasi zake hanunui dukani. Anazitengeneza mwenyewe mezani, moja moja, ziende polepole kuliko sauti. Akasema hata Kenya wenye vyeti wangeruhusiwa jambo hili. Ami yangu, aliyekula mshahara wa uaskari miaka 28, alikataa katakata. Tangu siku ile nayapima maneno yao, na naona kila mmoja ameshika ukweli ambao mwenzake hakuutazama.

Mlio wa bunduki ni vishindo viwili. Cha kwanza ni gesi ya moto inayofoka mdomoni mwa mtutu, na hicho sailensa hukipunguza kwa kuipitisha gesi vyumba kwa vyumba mpaka ipoe na kupungua nguvu. Cha pili ni mpasuko wa hewa pale risasi inapokwenda kasi kushinda sauti. Huo hauna chombo cha kuuzuia, kwa sababu unazaliwa njiani, risasi imeshatoka. Dawa yake ni risasi nzito iendayo taratibu. Risasi ya aina ya 300 Blackout, iliyopewa viwango rasmi Marekani mwaka 2011, ilibuniwa kwa kazi hiyo: kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha gramu 14 hivi, mwendo wa mita 310 kwa sekunde, na baruti inayoungua upesi kiasi kwamba mtutu wa sentimita 23 unaitosha.

Mpaka hapo mtu angeuliza, si anunue tu? Binamu alinijibu kwa hesabu iliyonivutia kweli. Kasi ya sauti hufuata joto la hewa. Mombasa kwenye nyuzi 30 sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, lakini kule kwake baridi ikishuka nyuzi 10 chini ya sifuri, ni mita 325. Risasi ya mita 335 ingepita kimya hapa kwetu, na kule ingepasua hewa kama mjeledi. Kiwanda hakijui utapiga siku gani wala wapi, ila mwenye kujitengenezea anajua. Alinionyesha video kwenye simu: maganda hamsini yamesimama kwenye kibao chenye matundu, naye anamulika tochi ndani ya kila moja kuhakikisha baruti imelala kina kimoja, kabla hajakaza kichwa hata kimoja. Ule ni ufundi, na sitaki kuudharau.

Tochi ile haikuwa ya mapambo. Baruti ya risasi hizi ni kidogo, kwa hiyo mkono ukisahau, yaweza kuingia mara mbili na jicho lisione. Ikiwa haba mno, risasi hukwama katikati ya mtutu, na anayefyatua ya pili bila kujua anaupasua mtutu karibu na uso wake. Risasi inayoyumba hugonga kuta za sailensa ikitoka. Na baada ya taabu yote hiyo, nguvu yake mdomoni ni kama jouli 680, ilhali ile nyepesi ya aina hiyohiyo, yenye kasi, hufika 1,800. Mnyama akipigwa kwa mbali huenda akakimbia na jeraha. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, basi hoja ya binamu inabaki uwanja wa shabaha peke yake.

Na uwanjani ana haki. Kelele ya ghafla ikipita desibeli 140 inaweza kuharibu sikio papo hapo, na bunduki ndefu hufika 160. Sailensa huondoa 20 hadi 30. Ule mnong'ono wa sinema haupo, ila tofauti hiyo ndiyo inayookoa usikivu wa mtu.

Ami hakubisha habari ya masikio. Yeye aliuliza risasi zitahesabiwaje. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kinataja bunduki yako na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Mwenye baruti, vichwa na maganda ya kutumia tena anaweza kuongeza usiku kile alichopunguza mchana, na daftari lisijue. Hapa sioni jibu la binamu. Marekani kwenyewe sheria ya 1934 iliweka ushuru wa dola 200 kwa sailensa na kwa bunduki za mtutu mfupi. Ushuru umeshuka hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili umebaki. Pesa wamesamehe, kujua nani anacho hawakusamehe.

Kuna la pili ambalo mtu wa Ohio halibebi moyoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na silaha kuporwa, sisi tulijua kwa masikio kabla ya redio. Mama alisikia, akatulaza sakafuni mbali na dirisha. Kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana, mlio ndio mlinzi wa mwisho wa asiye na silaha. Mimi siko tayari kuutoa ili mchezo wa wachache uwe mtulivu zaidi, hata kama wachache hao ni waungwana, na wengi wao najua ni waungwana.

Ila asiyetaka sailensa asijifanye hoja ya masikio imekwisha. Vifuniko vya masikio vipo, havihitaji cheti, na vikivaliwa sawasawa juu ya vizibo vya ndani vinafanya kazi kubwa. Vilazimishwe kwa kila mlenga shabaha, kila bawabu na kila kuruta, kabla ya risasi ya kwanza. Ami alifunzwa bila hata pamba. Anayepiga kwa bega la kulia sikio lake la kushoto ndilo huelekea mdomo wa mtutu, na la kwake limekufa. Barazani kila mtu wa nyumbani anajua akae kulia kwake. Binamu, mgeni wa miaka mingi, alikaa kushoto, na nusu ya hoja zake nzuri ami hakuzisikia.