Mama Hakuja Ukumbini

Kwanza niliweke hili sawa: mama yangu hakuja ukumbini. Hakuingia na chupi mkononi, hakunishika sikio, wala hakumwambia mtu "nirudishie mwanangu". Hayo katia chumvi swahibu wangu mmoja wa maskani ya Jang'ombe, ambaye hata mlangoni hakufika. Alikuwa nje anakula urojo. Nasikia hadithi yake imeshapanda boti kwenda Pemba, basi kabla haijateremka Mkoani nisikilizeni mie mwenye aibu yangu.

Wimbo mnaujua. Ule wa mvua, niliokusumbueni nao tangu masika.

Sasa kulikuwa na semina Mji Mkongwe. Wasanii tunakutanishwa na dada mmoja anayekaa Nairobi, kazi yake kupanga pleilisti, yaani orodha za nyimbo, za mitandao ya muziki. Kila mtu apeleke wimbo mmoja ambao haujatoka, pamoja na maelezo yasiyozidi herufi 500, kama inavyotaka fomu ya Spotify ya kuombea wimbo nafasi kwenye pleilisti. Herufi 500! Kwetu hizo hazimalizi salamu. Mara ya kwanza nilianza na Assalamu alaykum, natumai hujambo na wa nyumbani hawajambo, nikamshukuru aliyenifundisha fidla, nikamrehemu babu. Kuangalia, zimebaki herufi 61 na wimbo sijautaja.

Nikafuta. Nikaandika hivi: "Wimbo wa mapenzi. Kidumbaki cha Unguja na kanuni. Mwanamme anamwahidi mpenzi wake kumkinga na mvua maisha yote. Tafadhali sikiliza hasa 1:48, ngoma zinaponyamaza." (Kidumbaki ni taarabu yetu ya mtaani, na kanuni ile ya nyuzi, enyi wa Bara, si ya sheria.)

Hiyo 1:48 ina historia yake. Kipande kile nilikirekodia chumbani kwangu, alasiri moja ya mvua, godoro nimeliegemeza dirishani kuzuia kelele. Tulipofika studio nikakirudia weee, mpaka fundi akasema acha, ile ya nyumbani ina roho, tuiweke vile vile. Akaongeza: "Ila Bi Mkubwa ntamtoa." Na kweli alimtoa. Akanitumia faili mbili, yenye Bi Mkubwa na isiyo na Bi Mkubwa, majina yamepishana tarakimu moja tu. Mshaelewa. Wengine mlielewa tangu kwenye kichwa cha habari.

Siku yenyewe yule dada alianza na darasa, na nilinufaika, nisiseme uongo. Alisema atakayekuuzia nafasi kwenye pleilisti ya wahariri ni tapeli, mkimbie. Alisema fomu ijazwe siku 7 kabla ya wimbo kutoka, na ukiwahi zaidi ndiyo bora, ili walau wimbo uingie kwenye Release Radar, pleilisti ya nyimbo mpya, ya wafuasi wako. Ukishatoka, mlango wa fomu umefungwa. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wimbo wangu wa kwanza nilitafuta kitufe cha fomu siku mbili nzima nisikione. Nilikuwa nautafutia posa wimbo uliokwisha olewa.

Zikaanza kupigwa nyimbo. Mie wa nne.

Sanduku, ndiyo besi yetu ya kidumbaki, likaingia, dum, dum. Mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, ukafuata. Spika za ukumbi ule, mashaallah, unasikia mpaka mate ya mwimbaji. Dada akaanza kutikisa kichwa. Jamani, alitikisa! Akaangalia karatasi yangu, akaangalia saa. Anaisubiri 1:48! Moyo wangu ukawa unapiga kidumbaki chake wenyewe.

1:45, nikasimama. Sijui nani alinituma. Nikanyoosha kidole juu, kuwaambia watu subirini, sasa hivi. Nikafumba macho.

Ngoma zikanyamaza. Kanuni ikadondosha matone matatu. Sauti yangu ikaingia pole pole: "Mvua ikija mpenzi, paa lako ndiye mie..."

Na nyuma yake, kwa mbali kidogo lakini wazi kama mnadi samaki:

"We! Mvua hiyo!"

Macho nimefumba. Nikadhani mtu ukumbini kakunwa na maneno. Nikatabasamu. Wallahi nilitabasamu, na picha ipo.

"Hebu toka huko ukaanue chupi zako! Mie nshachoka kuanua chupi za mtu mzima!"

Kidole bado kiko juu.

Kwenye spika, mie naendelea: "...hata tone lisikuguse..."

"Na hii ya kijani imetoboka nyuma. Niifanye tambara, au wavaa bado?"

Hapa ndipo nilipokufa. Maana chupi hata nabii wa maskani anayo, na mama kila mtu anaye. Lakini ile sauti yangu ya mahaba, ile ya paa lako ndiye mie, ikakatika katikati ya neno, ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa chuoni aliyesahau sura:

"Navaa bado, mama."

Kisha ngoma zikarudi kwa kishindo.

Fundi mitambo angeweza kuuzima. Hakuuzima, alikuwa kalalia meza, mabega yanamcheza. Kwa hiyo wimbo ukaendelea dakika nyingine na ushee, watu wazima wanajifuta machozi kwa makaratasi ya semina, na mie nimesimama. Kukaa nilishindwa. Ukikaa umekiri. Kidole nilikiteremsha kidogo kidogo, nikajikuna nacho kichwa, eti ndiyo ilikuwa nia tangu mwanzo.

Dada wa watu hakucheka. Bora angecheka. Alisubiri wimbo uishe, akaandika kitu, akaniangalia kwa adabu zote, akauliza swali moja:

"Na ulizianua?"

"Ndiyo, dada," nikasema.

Basi. Nilitoka, nikapita Forodhani bila kumwona mtu, faili sahihi nimeshaitumia, nimepangiwa Ijumaa ya mwezi ujao, fomu nimejaza mapema. Jang'ombe sasa likitanda wingu hata dogo watoto wananipigia kelele "mvua hiyo!" Mnaoniletea ujumbe wa kuuliza rangi, nawaoneni, na namba zenu ninazo.

Iliyobaki ni mama. Nilimficha siku mbili, swahibu akamfikishia. Nikamkuta barazani anachambua mchicha, nikajua leo nina kesi ya kumrekodi mzazi bila ruhusa na kumtangaza mjini. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikamweleza na lile swali la yule dada, na jibu langu.

Akaweka mchicha chini.

"Ulimwambia umezianua weye?"

"Nilibabaika, mama."

"Nilianua mie. Na mvua ikanipiga. Mwandikie mtoto wa watu umwambie kweli."

Nimemwandikia jana usiku. Mpaka sasa hajajibu, na mama kila akinipitishia chai anauliza.