Nafuu ya nani?

Kituoni kwetu hapa England, tiketi nafuu ya treni inaanza saa tatu na nusu asubuhi. Bosi anakutaka kazini saa tatu kamili. Sasa hiyo nafuu ni ya nani jamani? Tunalipa nauli nono kuliko wote, halafu ndio sisi tunaosimama, kwapa la mtu puani, mkoba wa mwingine mbavuni! Saa nne treni inapita viti vinapunga upepo, kwa bei ya chini. Wenzetu Uskoti waliifuta nauli hii nono ya saa za msongamano Septemba 2025. Sisi tunakamuliwa tu. Jana nimepewa ruhusa ya kuchelewa, nikafika getini saa tatu na dakika ishirini na nane. Geti likagoma. Dakika mbili! Nikasimama naikodolea saa macho, kama aliyefunga anayesubiri adhana ya magharibi.