Pomboo hacheki

Mpwa wangu anafanya kazi Dubai. Juzi kanitumia video ya pomboo wa bwawani: anaruka, anapita katikati ya duara, anarudi kwa mwalimu kupewa samaki wake, watu makofi. Chini kaandika, "Mjomba, ona anavyocheka!"

Hacheki. Mdomo wake ndivyo ulivyoumbwa. Aprili 2006 nilikuwa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, walipokwama pomboo kiasi cha 400. Walilala wamekufa kuanzia huko hadi upande wa Kendwa, na kila mmoja alikuwa na tabasamu hilo hilo.

Mpwa akanijia na hoja ya siku zote: si wanalishwa, wana daktari, hawana papa wa kuwakimbia? Zamani hoja hii ilinitia shaka kidogo. Ilinitoka niliposoma habari za Tokitae.

Tokitae alikuwa oka, yule mweusi mwenye mabaka meupe. (Watu humwita nyangumi, lakini ni wa jamii ya pomboo, mkubwa kuliko wote.) Agosti 1970, huko Penn Cove, jimbo la Washington, wavuvi waliwaswaga oka wapatao 80 kwa boti, ndege na baruti, wakawatenga watoto na mama zao. Watoto saba waliuzwa. Waliokufa maji kwenye nyavu walipasuliwa matumbo, wakajazwa mawe na kuzamishwa ili watu wasijue. Tokitae alikuwa na umri wa miaka minne hivi.

Akapelekwa Miami, kwenye bwawa ambalo pale penye kina kirefu kabisa ni mita 6. Naye alipokua, urefu wake ulikuwa kama mita 6. Piga hesabu mwenyewe. Mwenzake, Hugo, alikuwa akijigonga kichwa ukutani mara kwa mara. Akafa mwaka 1980 kwa ugonjwa wa mshipa wa ubongo. Tangu hapo Tokitae hakuona oka mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni sauti. Kila ukoo wa oka una milio yake, kama sisi na lahaja zetu. Miaka mingi baadaye, watafiti waliomrekodi bwawani walimsikia bado anaita kwa milio ya kwao. Anamwita nani? Mlio unagonga zege, unamrudia mwenyewe.

Machi 2023 ukatangazwa mpango wa kumrudisha kwao. Agosti akafa, baada ya miaka 53 kifungoni. Walummi, wenyeji wa pwani ile ambao humhesabu kuwa ndugu yao, wakayarudisha majivu yake baharini.

Na sisi tusijitie usafi. Kabla ya utalii, pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, walikuwa chambo cha papa. Siku hizi wanafukuzwa: nahodha mmoja akiona pezi, boti kumi zinageuza, wageni wanarukia maji mbele yao. Mimi mwenyewe nimewahi kuruka. Lakini wale walichoka nasi wakazama, wakaibuka mbali kabisa. Wa bwawani atazama aende wapi?

Mpwa akauliza, basi akija likizo nimpeleke wapi? Nikamwambia Kizimkazi, alfajiri, kabla boti hazijajaa. Tutazima injini, na hakuna kuingia majini.

"Na wasipokuja, mjomba?"

Tutarudi pwani tule pweza.